Mfungo Wetu wa Kwanza na Mzee Shibabaw

Yekatit 17, Jumatatu

Leo Mfungo Mkuu umeanza, katika mwezi wetu wa Yekatit, na mimi nina wiki mbili na siku moja tangu niolewe. Nimenunua daftari hili kwa sababu siwezi kuendelea kumwambia kila mtu jinsi nilivyo na furaha. Dada zangu wamechoka, na mmoja ameacha kupokea simu.

Siku hamsini na tano hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna mayai, na mume na mke hawalali kitanda kimoja. Padre alitukumbusha hilo huku akitutazama sisi wawili peke yetu, kanisa zima likatugeukia. Jioni Dagne alihamisha godoro lake sebuleni. Alilibeba kichwani kama mtu anayehama kijiji, akasimama mlangoni akaniambia, "Mke wangu, nikifika huko nitaleta barua." Ni hatua tisa. Nimezihesabu.

Yekatit 19

Shiro, mchuzi mzito wa unga wa kunde. Kesho shiro tena. Nampenda.

Yekatit 21, Ijumaa

Dagne yuko kazini na mimi nimefungua sanduku langu la magazeti. Nilianza kukata picha zake kabla hajanijua, na sasa picha zinalala chini ya kitanda ambacho ni chake pia. Sijui mwanamke gani mwingine ana bahati kama hii.

Nitaandika kwa mpangilio, ili siku moja watoto wetu wasome. Dagnachew, ndiye Dagne wangu, alianza akiwa na miaka kumi na tisa, akiiga sauti za waimbaji kwenye harusi za watu na kulipwa sahani ya chakula. Akaingia redioni akatolewa baada ya miezi minne. Akaigiza polisi, akaigiza mganga, hakuna aliyecheka. Kisha, miaka kumi na moja iliyopita, alikodi chumba cha uani kule kwetu, mtaa wa Shiro Meda, kwa Bibi Itateku, na mwaka uliofuata akatokea kwenye televisheni akiwa Mzee Shibabaw. Tangu hapo ni vipindi mia mbili na kumi na viwili. Ni mchekeshaji bora wa mwaka mara mbili. Kikombe kimoja cha ushindi tunawekea vijiko. Pasaka hii televisheni itampa heshima ya miaka kumi ya Shibabaw. Watamvisha joho la dhahabu mbele ya watu, na yeye ataigiza kipande kipya. Watarekodi mwezi wa Miyazya, tarehe 8.

Mzee Shibabaw ni mpiga mbiu wa chama cha kuzikana. Alfajiri anapita mtaani na tarumbeta, bega la kushoto limeshuka, anakohoa, kisha anaita jina la marehemu ili watu watoke kuzika. Na kila wiki anakosea jina. Aliyeitwa anatoka na kaptula ya kulalia akibishana kwamba yuko hai, majirani wanamwambia akae kimya, hema limeshasimamishwa.

Nchi nzima inacheka, na sisi Shiro Meda tunacheka zaidi, kwa sababu tunajua bega lile ni la nani. Ni la baba yangu. Baba Zeleke amekuwa mpiga mbiu wa chama chetu miaka ishirini na sita. Mimi nilikuwa kidato cha tatu siku ya kwanza Shibabaw alipotokea. Nilimwona baba yangu mzima mzima ndani ya mwili wa kijana nisiyemjua, nikawaza kwamba mtu hawezi kumtazama mwenzake kwa makini namna ile bila kumpenda. Nadhani nilianza kuolewa siku hiyo.

Yekatit 30, Jumapili

Tulikwenda kwa wazazi baada ya kanisa. Mama alipika dengu na mboga hadi meza ikajaa. Dagne alimbusu Baba goti, Baba akambariki. Kisha mdogo wangu akawasha televisheni, na Baba akatoka kwenda kuangalia kuku. Kuku walikuwa wazima.

Nilimwambia aje kwetu, hajaona nyumba bado.

"Nitakuja, mwanangu."

Ni mara ya tatu kusema hivyo. Jikoni nikamuuliza Mama. Akasema Baba ana shughuli.

"Shughuli gani, Mama?"

"Ya kutokuja."

Megabit 4

Vumbi. Mvua ndogo zimechelewa, watu wanagombana kwenye foleni za maji. Dagne hakulala. Najua kwa sababu na mimi sikulala.

Megabit 9, Jumanne

Dagne anaandika kipande cha Pasaka. Anatembea kutoka jikoni hadi dirishani na kurudi, jirani wa chini amegonga dari kwa fagio mara mbili. Ananijaribishia mimi. Leo Shibabaw anamtangaza padre kuwa amekufa siku ya Pasaka, na padre anatokea mwenyewe kuongoza mazishi yake. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

"Wewe hufai," akasema. "Unacheka kwa sababu unanipenda."

"Sasa nifanye nini?"

"Nichukie kidogo hadi Miyazya 8."

Nilijaribu. Nilikaa dakika nzima bila kumtazama. Kisha akakohoa kile kikohozi cha Baba.

Megabit 14

Mikono yetu iligusana kwenye jagi la maji. Padre hakusema chochote kuhusu mikono.

Megabit 20, Jumamosi

Sijui nianzie wapi. Nimekaa na kalamu tangu saa kumi.

Bibi Itateku amefariki. Ndiye aliyempangisha Dagne kile chumba, ndiye aliyekuwa akimwachia mkate dirishani alipokuwa hana kazi. Hakuwa na mtoto wala ndugu. Alikuwa na chama cha kuzikana, na alikilipia tangu enzi za mfalme.

Mama alinipigia saa mbili asubuhi. "Njoo. Na uje na watu."

Tulipofika hema lilikuwa limesimama upande mmoja tu, upande wa pili umelala chini kama mtu aliyechoka. Baba alikuwa amepita mtaa mzima kuanzia saa kumi na moja, akapiga tarumbeta, akaita jina. Chama kina nyumba mia moja na arobaini. Waliotoka kuzika ni wanaume saba.

Niliwauliza majirani mmoja mmoja, nao walinijibu bila kunitazama. Vijana wengi wameweka tarumbeta ya Shibabaw na kikohozi chake kwenye simu kuwa mlio. Wiki hii nzima redio imekuwa ikikipiga asubuhi kutangaza kipindi cha Pasaka. Watu walisikia tarumbeta, wakasikia kikohozi, wakacheka, wakavuta blanketi. Bwana Lakew, mwenyekiti wa chama, analala chumba kimoja na mwanawe. "Nilimwambia, zima hiyo simu," alisema. "Naye akaniambia simu yake imeshazimwa. Nikamwambia, basi zima tena."

Wanaume saba waliibeba maiti hadi kanisani, wakipokezana bila wa kuwapokea. Baba alikuwa mmoja wao. Ana miaka sitini na tisa.

Dagne aliingia kwenye hema la msiba kuketi na watu. Mama mmoja kutoka kona ya soko alimwona, na kabla hajajua anafanya nini, akacheka. Aliziba mdomo kwa shela. Wa pembeni yake naye akaanza, mabega tu yakitikisika. Dagne alitoka, akasimama nyuma ya ukuta wa choo hadi tulipoondoka. Sijawahi kumwona hajui pa kuweka mikono yake.

Kwenye gari nilitaka kumshika mkono, nikakumbuka mfungo, kisha nikamshika.

Megabit 21, Jumapili

Chama kimekutana baada ya kanisa. Wameamua kwamba kuanzia sasa msiba utatangazwa kwa ujumbe wa simu. Bwana Lakew alikwenda nyumbani kuchukua tarumbeta. Mama anasema Baba aliipangusa kwa ncha ya shuka lake, ndani na nje, akampa kwa mikono miwili. Kisha akaenda kuangalia kuku.

Megabit 23, Jumanne

Nilikwenda Shiro Meda peke yangu. Baba alikuwa ameketi kibarazani bila kazi, na hilo sijawahi kuliona. Nilimwambia jambo nililoliamini miaka kumi: kwamba Dagne amempa heshima, kwamba nchi nzima inamjua Zeleke bila kujua jina lake.

Akasema, "Bega nimempa. Kikohozi nimempa. Anatembea vizuri kuliko ninavyotembea mimi. Lakini mwanangu Tiringo, miaka ishirini na sita mimi sijakosea jina."

Akanieleza jambo ambalo sijawahi kumuuliza. Kabla hajatoka na tarumbeta husimama kwenye mlango wa wafiwa, akauliza jina la ubatizo, jina la nyumbani, na jina la baba. Anauliza mara tatu hata kama wameishi mtaa mmoja miaka arobaini. Wakati mwingine wafiwa humkasirikia. Anauliza tu. "Mtu anaitwa mara nyingi maishani mwake," alisema. "Hii ni ya mwisho. Haiwezi kuwa na kosa."

"Kwa nini hukumwambia Dagne?"

"Alikuja kuniomba binti. Hakuja kuniomba ruhusa ya lile igizo."

Nimerudi nyumbani, nimefungua sanduku langu la magazeti, nimelifunga.

Megabit 24

Tumegombana kwa mara ya kwanza. Naandika kwa ufupi kwa sababu nikirefusha nitalia.

Nilimwambia amwache Shibabaw. Akasema Shibabaw ndiye aliyejenga kila kitu ninachokiona humu ndani, pamoja na yeye mwenyewe. "Kabla yake nilikuwa mtu anayeiga watu wengine."

"Na sasa?"

Akatazama sakafu. Nilijuta kabla sijamaliza kusema. Lakini nilikuwa nimeshasema.

Usiku hatua tisa zimekuwa nyingi.

Megabit 28, Jumapili

Mvua. Kubwa, ya ghafla, imeingia hadi chini ya mlango. Nilikinga ndoo, Dagne akakunja godoro lake, tukajikuta tunasaidiana bila kusemeshana, na hilo lilinichekesha, naye akaona ninacheka, akacheka.

Amejaribu wahusika wengine wiki hii yote. Muuza vitunguu. Trafiki mwenye aibu. Msimamizi wa kipindi aliwatazama wote akamwambia, "Vizuri sana. Sasa mrudishe mzee." Joho limeshashonwa.

Aliniuliza Baba alisema nini hasa. Nikamwambia neno kwa neno. Nilipofika kwenye ile habari ya kuuliza jina mara tatu, aliomba nirudie. Kisha akaketi pembeni mwa ndoo, akatazama matone.

"Hilo sikuliona," alisema. "Nilikuwa naona barabara tu. Mlango wa wafiwa sikuuona."

Miyazya 5, Jumapili ya Matawi

Nitaandika yote.

Asubuhi tulivaa pete za majani ya mtende kama kila mtu. Baada ya ibada Dagne aliniambia nitangulie kwa wazazi. Nilikuwa nimeketi na Mama tukipasua maharage niliposikia kelele za watu barabarani, kelele za furaha, kama za harusi.

Nilitoka. Dagne alikuwa anapanda mteremko na jiwe shingoni. Jiwe kubwa la kijivu, ameinama chini yake, mikono miwili imelishika, viatu amevivua. Kila mtu kwetu anajua maana yake. Aliyekosa anabeba jiwe shingoni, anakwenda kwa aliyemkosea, na halitui mpaka aambiwe atue.

Nyuma yake kulikuwa na watu hamsini, na wote walikuwa wanacheka. Simu zilikuwa juu. Walidhani ni kipindi. Walikuwa wanatafuta kamera ilipojificha.

"Mzee Shibabaw, nani kafa leo?"

"Ni jiwe la kweli hilo au ni sponji?"

"Inama zaidi, baba, hatuoni shingo."

Kijana mmoja alikohoa kile kikohozi, watu wakaangua kicheko. Dagne hakugeuka. Alifika kwenye geti letu akapiga magoti kwenye matope. Watu wakapiga makofi.

Baba alitoka kibarazani. Alimtazama Dagne, akawatazama watu, akarudi ndani na kufunga mlango. Kwao hiyo ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote. Mwanamke mmoja alisema, "Huyu mzee naye anajua kuigiza."

Nilitaka kuwafukuza. Mama alinishika gauni. "Mwache. Hiyo ni kazi yake. Ameifanya mwenyewe."

Basi nikasimama dirishani, nikamtazama mume wangu akichekwa. Robo saa. Nusu saa. Walianza kuchoka. Mmoja alisema kipindi hiki ni kirefu. Mwingine akasema labda mitambo imeharibika. Kisha mvua ikaanza, ile ya Miyazya inayokuja bila kuomba hodi, na wakakimbia wote, simu ndani ya makoti. Barabara ikabaki tupu. Dagne alibaki palepale na jiwe, maji yakimtiririka puani.

Baba akafungua mlango. Alitoka na mwavuli, lakini hakuufungua.

"Wamekwenda," alisema.

"Najua, Baba."

"Hakuna anayetazama."

"Najua."

"Unaomba nini?"

"Msamaha. Nilichukua bega nikaacha mtu. Nitamwacha Shibabaw, Baba. Nitawaambia kesho."

Baba alimsogelea, nami nyuma ya kioo nikatega sikio. Kisha akasema, "Tarumbeta wamechukua. Wewe nawe ukichukua yule mzee, nani atapita mtaani? Usimwache. Mwambie aite jina sawasawa."

Dagne aliinua uso chini ya jiwe. "Akiita sawasawa hakuna kichekesho, Baba."

"Hiyo ni kazi yako. Mimi sikusomea kucheka." Akafungua mwavuli, akamkinga. "Tua."

Nampenda leo kuliko siku ya harusi. Sikujua inawezekana.

Miyazya 8, Jumatano

Wamerekodi. Alirudi na joho begani, akaliweka juu ya kiti, akala shiro mbili, akalala ameketi. Nilimuuliza kama walicheka. Akasema, "Sijui kama ni kucheka."

Miyazya 10, Ijumaa Kuu

Kusujudu tangu asubuhi hadi saa kumi na moja. Magoti yangu hayajisikii. Dagne alikuwa upande wa wanaume, mstari wa mbele. Hakuna aliyekohoa.

Miyazya 12, Pasaka

Kristo amefufuka. Tulifungua mfungo baada ya ibada, kuku wangu wa kwanza wa Pasaka nikiwa mke, vipande kumi na viwili kamili kama Mama alivyonifundisha, kisha tukapeleka mkate mkubwa na kondoo kwa wazazi, kama inavyompasa mkwe. Kondoo alimkataa Dagne ngazini, ikabidi nimsukume mimi.

Saa nne kipindi kikaanza. Sebule ya wazazi ilijaa majirani, na Bwana Lakew mwenyekiti alikuwa kwenye kiti kizuri. Safari hii Baba hakwenda kwa kuku. Aliketi karibu na mlango.

Mzee Shibabaw anatokea akiwa amesimama kwenye mlango uliofungwa. Anauliza jina. Anauliza tena. Anauliza mara ya tatu, wa ndani anamtukana. Watu sebuleni wanacheka. Kisha anatoka barabarani, tarumbeta, kikohozi, kila mtu anavuta pumzi kungoja kosa, naye anaita: Itateku Woldeyes, Welete Mikael kwa ubatizo, wa nyumba yenye geti la bluu.

Hakuna kosa. Watu walicheka bado, kwa mazoea.

Sasa kamera inaingia ndani ya nyumba. Mke anamwambia mume, "Pokea simu yako." Mume anapokea simu, anasema haloo, anasema haloo tena, anakata, analala. Msichana anacheza ngoma ya tarumbeta kitandani. Mwanamume amejificha nyuma ya pazia, anachungulia mpiga mbiu akipita, anaiga bega lake kwa siri, anarudi chini ya blanketi. Shibabaw anafika mwisho wa barabara, anageuka, hakuna mtu. Anaokota mlingoti wa hema. Ni mrefu. Anaubeba peke yake, ukiyumba huku na huku, unagonga kila mlango.

Ni kichekesho kikubwa kuliko vyote alivyofanya, naapa. Mlingoti ule. Watu walikuwa wanacheka na kunyamaza, wanacheka na kunyamaza, kila mmoja akinyamaza kwenye nyumba yake.

Kilipoisha, Bwana Lakew aliweka kikombe chini. "Yule wa pazia," alisema. "Umenionyesha mimi mbele ya nchi nzima."

"Siyo wewe, Bwana Lakew," Dagne akasema. "Wewe ni yule wa haloo."

Hata Mama alicheka. Lakini Dagne hakuwa anacheka. Alimgeukia Baba.

"Wa pazia ni mimi. Chumba cha uani kwa Bibi Itateku, mwaka mzima. Nilisikia kila mbiu. Sikutoka kuzika hata siku moja. Nilikuwa dirishani, naandika unavyotembea."

Nilimtazama Baba. Nilidhani yote yatarudi mwanzo.

"Lile pazia nililiona," Baba alisema. "Nikifika pale nilikuwa narudia kuita. Nilidhani mpangaji hasikii."

Akanawa mikono, akachukua kipande cha kuku kutoka sahani yake, akakizungushia injera, ule mkate wetu mwembamba, akamlisha Dagne mdomoni mwenyewe.

Godoro limerudi mahali pake. Sitaandika zaidi.

Miyazya 14, Jumanne

Ujumbe wa chama uliingia kwenye simu ya Dagne saa kumi na moja na nusu. Sikujua kwamba amejiandikisha. Jina lilikuwa limekosewa herufi. Baba alikuwa ameshampigia kumwambia lililo sahihi. Marehemu ni fundi wa viatu wa karibu na soko, Teshager Abegaz.

Dagne alitoka kwenda kuzika kabla sijapata hata chai ya kumpa. Nimeshinda naye kichwani siku nzima, nikienda dirishani na kurudi mpaka jirani wa chini akagonga fagio. Nilikuwa naona wale akina mama na shela zao mdomoni.

Amerudi saa tisa, matope hadi magotini. Nilimvua viatu.

"Walicheka?"

"Mwanzoni."

"Halafu?"

"Halafu jeneza likawa zito."